Kabla Hujabonyeza Spesi

Kuna Jumatano moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau majina ya wajukuu wangu nadhani yenyewe itabaki. Ndiyo siku niliyoona kitabu cha mtu kikivunjika mikononi mwangu, na mwenyewe amesimama nyuma yangu ananitazama. Nitakusimulia, ila usinikimbize. Mie ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu siku hizi ni kutoka sebuleni hadi kibarazani, na nikifika huko napumzika kwanza.

Nyie mnaoniletea kazi zenu hapa Chamazi nizipange kabla hamjazipeleka chuoni, mnanionaga nimekunja uso mbele ya kompyuta mkadhani nimechukia. Sijachukia. Nakuwa nimefungua faili, nimekuta mtu kabonyeza spesi kama anatwanga kisamvu, na kila nikigusa kitu kimoja vingine vyote vinakimbia. Huyo mtu namwonea huruma sana. Namfahamu tangu usichana wake, na hata leo nikijitazama kwenye kioo naonana naye.

Mie nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma, akayakunja, akayatia mfukoni, akaniuliza kama napenda kupiga chapa. Nikaenda kusoma kupiga chapa. Mwalimu wetu alikuwa na rula, na rula ilikuwa haipimi karatasi, ilikuwa inapima vidole vyetu. Alitufundisha hivi: aya inaanza kwa nafasi tano. Kichwa cha habari unahesabu herufi zake, unagawa kwa mbili, unarudi nyuma kutoka katikati. Mwisho wa mstari kengele inalia, unasukuma mashine, unaanza mstari mwingine. Nilikuwa mzuri, nisijifiche. Nilitoka pale natembeza vidole mtaani kama mtu aliyevalishwa pete jana.

Shangazi yangu Tausi, dada yake baba, alikuwa na steshenari Tandika. Duka dogo, mashine moja ya fotokopi, na kompyuta moja yenye mgongo mkubwa kama sanduku la safari. Akanichukua nimsaidie. Sasa kompyuta ile mie niliipokea kama taipuraita iliyozaa na televisheni. Nikaipigia kama nilivyofundishwa: nafasi tano kila aya, Enta mwisho wa kila mstari, vichwa nikavisukuma katikati kwa spesi. Kilichopendeza nikakikoleza wino. Kilichopendeza zaidi nikakipigia na mstari chini. Watu walikuwa wanasema, Siwema ana mkono msafi. Na karatasi zikitoka, kweli zilikuwa safi.

Ndipo akaja Mzee Chilumba.

Mzee Chilumba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini, alikuwa akiishi Mbagala na amechonga mpingo tangu ujana. Alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwenye karatasi za mistari, habari za kazi yake: miti, vifaa, vinyago na watu waliomlea. Alitaka kiwe kitabu kidogo. Wajukuu zake walikuwa wanatoka jandoni Jumamosi, na siku hiyo watoto wakishavikwa nguo mpya wazee huwapa maneno ya kuanza nayo maisha. Wengine husema kwa mdomo. Yeye alitaka kusoma.

Nilimuuliza siku ya kwanza kwa nini asiseme tu, maana nilimwona ni msemaji mzuri. Akaniambia yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, ndevu tayari zimeota, na wajukuu hawajawahi kumwona akisoma. Macho sasa yanaondoka. Alitaka wamwone, angalau mara moja, kabla hayajamaliza kuondoka.

"Mwanangu Saidi anasema atanisomea yeye," aliniambia. "Nimemwambia, wewe zamu yako ukizeeka."

Basi nikapiga. Nilipiga kazi ile kwa mapenzi, nakwambia. Jumatano akaja kuangalia. Nikampa kurasa za mwanzo, safi, nyeupe, harufu ya wino bado. Akasogea nazo mlangoni kwenye mwanga. Akazisogeza karibu, akazipeleka mbali, akazirudisha.

"Kazi nzuri," akasema. "Ila siioni."

"Huioni vipi, Mzee?"

"Naona kuna kazi. Maneno ndiyo siyaoni. Hizi herufi, huwezi kuzikuza? Ziwe kubwa kweli, kama za tangazo la mkutano."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikayachagua maandishi yote, nikapandisha ukubwa wa herufi, nikajiegemeza kwenye kiti kama fundi aliyemaliza kuezeka.

Mwanangu, sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimebonyeza Enta mwisho wa kila mstari, na sasa herufi zilivyonenepa mstari haukutosha tena. Ukamwaga maneno mawili chini, halafu Enta yangu ikakata hapohapo, mstari mwingine ukaanza. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, ukurasa mzima kama meno ya msumeno. Aya zangu, ambazo nilikuwa naapa zote zina nafasi tano, kumbe nyingine zilikuwa na sita, nyingine nne, na herufi kubwa zikanisema hadharani. Vichwa nilivyovisukuma katikati vikagonga ukingo, nusu ya kichwa ikashuka chini. "Kukausha Gogo" kikabaki peke yake mwisho wa ukurasa kama mtu aliyeachwa na basi, na gogo lenyewe liko ukurasa wa pili. Na pale nilipokuwa nimefunga kurasa kwa kujaza Enta tupu, palifunguka mapengo ya kuanikia nguo.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Herufi sasa alikuwa anaziona.

"Ndivyo inavyokuwa ikikua?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Hapana, Mzee. Ni mashine hii."

"Ahaa."

Nikajaribu kurekebisha pale juu, pakawa sawa, chini pakaharibika zaidi. Nikarekebisha chini, na juu pakanisaliti. Mzee akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu.

"Basi, binti yangu, usijisumbue. Nitolee ileile ndogo. Saidi atasoma."

Akageuka kutafuta kofia yake kwenye benchi. Aliitafuta kwa kupapasa, na kofia ilikuwa wazi mbele yake.

Shangazi Tausi alikuwa kule nyuma anapanga rimu za karatasi. Huwa sijui anasikiaje, maana fotokopi ile ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga. Akatoka anajipangusa mikono kwenye khanga.

"Mzee Chilumba, kaa. Chai ya tangawizi inakuja. Na wewe, Siwema, sogea."

Akakaa. Akatazama ukurasa kwa muda. Kisha akabonyeza mahali fulani juu ya kioo, na ukurasa wangu wote ukajaa vidoti, kidoti kwa kila spesi niliyowahi kuibonyeza. Kitabu cha Mzee Chilumba kiliota surua.

"Nani kamwaga mtama humu?" akauliza.

"Ndizo aya, Shangazi. Nafasi tano tano. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mlifundishwa vizuri, kwa mashine nyingine. Ile ikishapiga imepiga, karatasi haibishani. Hii hupanga upya kila ukigusa, kwa hiyo lazima ijue kila kitu ni nini. Hapa umeiambia nini?"

"Nimeiambia ni kichwa cha habari."

"Umeiambia?"

"Nimekoleza wino, nimekikuza, nimekiweka katikati."

"Hayo mavazi. Mie leo nikivaa joho, kesho utaniletea kesi niamue?"

Mzee Chilumba akacheka kule kwenye benchi. Kicheko kile kilinisaidia, maana machozi yalikuwa karibu na mie sipendi kulia mbele ya mteja.

Shangazi akanionyesha. Juu ya ukurasa kuna rula, na kwenye rula kuna kipembetatu kidogo ambacho nilikuwa nakiona kila siku nikadhani ni urembo. Ukikisogeza, mstari wa kwanza wa aya unaingia ndani peke yake, na kila aya itakayofuata itaingia vilevile, hata herufi ziwe ndogo kama mchwa au kubwa kama kobe. Enta unabonyeza mara moja tu, aya ikiisha. Na vichwa vina sehemu yake ya kupewa cheo: hiki ni kichwa kikubwa, hiki ni kidogo kilicho chini yake. Ukishakipa cheo, chenyewe kinajua hakitakiwi kubaki mwisho wa ukurasa huku maneno yake yamevuka. Na orodha ya yaliyomo inajikusanya yenyewe kutoka kwenye vile vyeo. Mie nilikuwa nimeipiga kwa mkono, na namba za kurasa nimezisaka moja moja.

"Haya," Shangazi akasema. "Nitajie vichwa. Kipi kikubwa, na kipi kiko chini ya kipi?"

Hapo nikachangamka, nikaona hili nalijua. "Kikubwa ni Mpingo. Chini yake kuna Kuchagua Mti na Kukausha Gogo. Kikubwa kingine ni Vifaa. Chini yake kuna Tezo, Patasi, Mama Saidi, Msasa..."

"Nani?" akauliza Mzee.

Nikarudia. Mama Saidi alikuwa marehemu mke wake. Karatasi yake niliikuta baada ya ile ya patasi, na ilikuwa nusu ukurasa tu. Kwa macho yangu kitu cha nusu ukurasa ni kidogo, nikakipa kichwa kidogo, tena sikukikoleza sana.

Mzee Chilumba aliweka kikombe chini.

"Huyo hayuko chini ya patasi," akasema.

Shangazi akaacha kubonyeza.

"Niliandika hapo kwa sababu siku hiyo niliandika habari za patasi, nikamkumbuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikiwa nachonga, lile vumbi la mpingo linajaa chini, yeye anachukua patasi yangu ananichorea herufi kwenye vumbi. Mie nazifuata kwa kidole. Nikikosea ananifutia kwa unyayo wa mguu, tunaanza tena." Akatabasamu kidogo. "Nimeandika nusu ukurasa kwa sababu sikuweza kuendelea. Siyo kwamba hana habari."

Mwanangu, mie nilikuwa nimeipiga karatasi ile neno kwa neno. Hakuna herufi niliyoiruka. Na sikuwa nimejua hata kidogo nilichokuwa nakipiga ni nini. Nilikuwa nimetazama urefu wake, nikatazama ilipokaa, nikaipamba kufuatana na hayo.

Shangazi hakunisema. Angenisema ningepona haraka. Alinisogezea mausi tu, akarudi kwenye rimu zake.

Nikalichagua lile jina na nusu ukurasa wake, nikavitoa nje ya Vifaa, nikalipa jina cheo kilekile cha Mpingo. Likapanda. Likajitoa katikati ya Patasi na Msasa, likasimama lenyewe kama kichwa kikubwa, na kwenye orodha ya yaliyomo likaenda kujipanga ukingoni na wakubwa wenzake. Nikamsomea Mzee orodha yote, taratibu, naye anaitikia kila kichwa kama mtu anayeitiwa watoto wake. Mahali pengine akasema hapana, hicho kiko chini ya kile. Nikakishusha. Kwa mara ya kwanza tangu aniletee kazi ile nilikuwa namuuliza yeye, siyo macho yangu.

Nikafanya kazi hiyo Alhamisi nzima. Naondoa Enta za mwisho wa mistari, nafukuza spesi, kidoti baada ya kidoti. Mgongo ukawaka moto. Nilipofika nusu ya kitabu Shangazi akapita nyuma yangu anakunywa chai, akaniambia kumbe ipo njia ya kuzitafuta zote na kuziondoa kwa mpigo mmoja.

"Mbona hukuniambia jana?"

"Jana ungesahau."

Nilimnunia mpaka adhuhuri. Lakini nikwambie ukweli, tangu siku hiyo kidole changu kikienda mara mbili kwenye spesi kinashtuka chenyewe.

Ijumaa asubuhi Mzee akaja na Saidi. Nikayachagua maandishi yote mbele yao, nikapandisha herufi. Kitabu kikakua. Kilikua chote pamoja, kama watoto wa nyumba moja. Aya zikanenepa zikabaki aya, kila moja imeingia ndani palepale, na kila kichwa kikashuka na watu wake, hakuna kilichoachwa na basi. Saidi akasema, "Sista, umekiroga?" Nikamwambia nimekiambia ukweli tu.

Mzee alichukua ukurasa wa kwanza uliotoka kwenye printa. Hakuupeleka mlangoni. Alipitisha kidole ukingoni mwa maandishi, kutoka juu kwenda chini, kama wanavyokagua mbao.

"Hizi aya zimeingia ndani kidogo. Hii ya kwanza mbona haikuingia?"

"Iko chini ya kichwa, Mzee. Hapo unajua unaanza. Hizo nyingine ndizo zinahitaji mlango."

"Kumbe ni kama alama ninayokata kwenye gogo, ya kuanzia." Akaupitisha tena kidole. "Nimeelewa."

Jumamosi nikaenda. Mie kutoka nyumbani kwenda sherehe ya watu Mbagala, hiyo yenyewe ilikuwa habari. Shangazi aliniuliza kama nina homa. Turubai limefungwa uani, ngoma imepiga tangu asubuhi, pilau linanukia hadi barabarani. Watoto wakatolewa, wamevikwa kanzu mpya, wakakalishwa kwenye mkeka. Mzee akaletewa kiti. Saidi akakaa pembeni yake, tayari tayari, unajua mtu anavyokaa akisubiri mwenzie aanguke amdake.

Mzee akafungua, akaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha Mama Saidi. Akaanza kusoma. Alisoma taratibu, neno likitoka zima ndipo anafuata la pili. Watu ambao walikuwa wananong'ona kule kwenye masufuria wakasogea na miiko mkononi. Alipofika pale pa kufutiwa kwa mguu aliinua kichwa akawatania wale watoto, kwamba bibi yao alikuwa na mguu mzito kuliko rula ya mwalimu yeyote. Wakacheka, na yeye akacheka nao.

Halafu akarudisha macho kitabuni, na mstari ukawa umempotea.

Nilimwona. Macho yakienda huku, yakarudi. Watu bado wanacheka, wengi hawakugundua. Saidi aligundua. Akanyoosha mkono achukue kitabu. Na mie nilipokuwa nimekaa na akina mama nikashika khanga ya jirani yangu, nikaikaza kama yangu.

Mzee hakumpa. Aliweka kidole ukingoni, juu kabisa, akakiteremsha polepole pembeni ya maandishi. Kikateremka, kikateremka, kikafika pale ukingo unapoingia ndani, kikatumbukia. Akasimama hapo. Akavuta pumzi, akaendelea kusoma mpaka mwisho wa nusu ukurasa ule, kwa sauti yake, kwa macho yake. Saidi akaurudisha mkono wake magotini taratibu, na sikumwona akiunyoosha tena.

Wale watoto hawakuwa wanamtazama usoni. Walikuwa wanatazama kidole chake.

Mwanangu, pale alipoingia hapana herufi. Ni utupu mdogo, hauzidi upana wa kidole cha mtu. Nilikuwa nimeuhangaikia siku nzima, na kila aliyekuwepo pale uani isipokuwa mie na Mzee alidhani haupo.

Kwa hiyo nisikilize, halafu urudi kwenye kazi yako ya chuo, ambayo nimeifungua leo asubuhi na surua yake nimeiona. Usipige spesi kusukuma aya. Kishike kile kipembetatu, kisogeze mara moja, basi. Enta ni ya kumaliza aya, siyo ya kujaza ukurasa. Kichwa usikipake wino ukadhani umekipa heshima; kipe cheo chake kwanza, mapambo yatafuata, na ukiyabadilisha kwenye cheo, vichwa vyote vya cheo hicho vitabadilika pamoja. Na kabla ya cheo, muulize mwenye habari. Kama mwenye habari ni wewe, jiulize wewe, tena ujiulize kwa kweli: hiki ni nini, na kiko chini ya nini? Usipime kwa urefu. Kuna mambo ya nusu ukurasa ambayo yangepaswa kusimama yenyewe, na mtu kaishia nusu kwa sababu mkono ulikataa kuendelea.

Na hilo usiliache kwenye kompyuta. Hapo nyumbani kwenu kuna mtu mliyemfanya kichwa kidogo kwa sababu hasemi sana. Mchunguze vizuri huyo.

Ukishapanga, kuza herufi uone. Kazi iliyopangwa kwa macho tu itakuaibisha hapo. Ni heri ikuaibishe mbele yangu mie, ambaye sitoki nje kwenda kusimulia. Msomaji wako anaweza kuwa mzee ambaye macho yanamwacha, anaanza kutafuta kwa kidole. Mwachie mahali pa kidole chake kuingia.

Haya, nenda. Ukaandike vitu vijulikane ni nini, na watu wakusome mpaka mwisho. Ukipotea njiani, uwe na pa kurudia. Na Mungu akukuze, mwanangu. Akikukuza, mistari yako isikatike.